Picha ya Sabini na Moja

Jumatatu, 4 Machi 2024
Asubuhi mawingu mazito, joto, jani halitikisiki. Mvua haikunyesha mpaka natoka kazini.

Dk. Eugenia ametuita mimi na Silvanus kutueleza kazi ya masika hii. Tutachora njia za seli za perege. Gamba la samaki likinyofolewa likawekwa juu ya kioo chenye maji yake, baada ya muda seli za ngozi zinatoka ukingoni na kuanza kutambaa, kama zinavyotambaa mwilini kuziba kidonda. Hadubini inazipiga picha moja kila dakika, kuanzia saa saba kamili mchana, picha mia na themanini. Kesho yake sisi tunakaa kwenye kompyuta na kubofya kila seli, picha baada ya picha, mpaka njia yake yote inaonekana kama uzi.

Daktari anataka kujua kama seli hizi zinafuatana, au kila moja inakwenda kivyake na sisi ndio tunaoziona kama kundi.

"Ukisimama hapo barabara ya Morogoro," ametuambia, "ukaona watu wawili wanatembea kuelekea Mlandizi, utajuaje kama wako pamoja?"

"Nawauliza," Silvanus amesema.

"Hawajibu."

"Basi wamegombana, Daktari."

Daktari amecheka, kisha ameeleza. Unamchukua mtu aliyepita Jumatatu, unampanga na aliyepita Jumanne. Hawa hawakukutana kabisa, jozi yao ni ya kubuni. Unapima wanavyofanana mwendo. Unabuni hivyo mara elfu moja. Kama waliopita siku moja wanafanana kuliko hao elfu wa kubuni, hapo una haki ya kusema wako pamoja. Hizo ndizo takwimu zake. Nimezielewa vizuri kuliko nilivyoelewa hesabu yoyote kidato cha nne.

Sheria ni zilezile za mwaka jana. Video moja tunaichora wote wawili, kila mtu peke yake, bila kuona kazi ya mwenzake. Mwisho wa mwezi kompyuta inatulinganisha. Seli ikipotea, unakata njia na kuandika "imepotea". Ikionekana tena unaipa namba mpya. Huungi, hata ukiwa na hakika.

Silvanus anachora asubuhi na kuondoka saa sita na nusu. Mimi nabaki mchana na hadubini, na daftari la hadubini liko mikononi mwangu. Umeme ukikatika taa inazimika, programu inazitupa picha za giza, na namba zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo lazima niandike saa ulipokatika na saa uliporudi. Nje ya daftari hakuna mahali pengine panapoonyesha.

Nililala saa 4:05. (Saa ya kulala naiandika asubuhi yake, kama kawaida.)

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Njia ishirini na mbili, zote nzima. Nililala saa 4:00.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua ya alfajiri, jua kuanzia saa nne.

Silvanus amefika saa mbili na dakika arobaini, suruali imejaa tope la Visiga mpaka magotini. Meza yake ina kikombe, ganda la muhindi na daftari lililokunjamana. Ni kijana mzuri lakini hana mpangilio. Anakata njia ovyo, nadhani ili awahi kumaliza.

"Dada Biubwa, jana nimeziona mbili zimekutana," ameniambia. "Unajua zimefanyaje? Kama mtu na mama mkwe wake kwenye kichochoro. Zimegusana kidogo tu, hii huku, ile kule, mbio!"

"Wewe chora. Usinihadithie video, ni kosa."

"Sikuambii ni video gani. Nakuambia tabia zao."

"Andika basi kwenye hilo daftari lako la kufungia maandazi."

"Naandika, dada. Wewe unadhani nachora wanasesere?"

Nililala saa 4:10.

Jumanne, 12 Machi
Ramadhani mosi. Mvua nyepesi. Kinywa kikavu lakini mkono umetulia. Nililala saa 4:30.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua kubwa kuanzia saa saba na nusu. Umeme umekatika saa 8:10, umerudi saa 8:34. Daftari la hadubini lilikuwa chumba cha pili na nilikuwa nimechoka; nitaandika kesho. Nililala saa 4:20.

Ijumaa, 15 Machi
Mawingu.

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya, na naliandika hapa kwa sababu hapa naandika kila kitu.

Nimechora video ya jana. Mpaka picha ya sabini na moja njia kumi na tisa zilikuwa safi kabisa. Picha ya sabini na mbili, kila seli iko mahali pengine: ndizo zile dakika ishirini na nne za giza. Sheria inataka nikate zote kumi na tisa na kuanza upya na namba mpya. Nimeitazama skrini muda mrefu. Kumi na tisa zimekatika mahali pamoja, kama shamba lililopitiwa na nguruwe.

Moja nilikuwa na hakika nayo, kubwa, ina pembe. Ilikuwa imesogea kuelekea juu kulia. Nikaiunga. Halafu jirani yake nikasema naye atakuwa amekwenda hukohuko. Na jirani wa jirani. Mpaka saa sita zote kumi na tisa zilikuwa nzima.

Mama alikuwa akitutembeza shambani Msimbu wiki ya pili baada ya kupanda, mimi nimebeba kibuyu cha mbegu, tunarudishia kila shimo ambalo halikuota. "Usiniachie mapengo," alikuwa akisema, "watu wapite hapa waniseme." Mkono wangu umezoea hivyo.

Baada ya hapo sikuweza tena kuandika ule umeme kwenye daftari la hadubini. Ningeandika, Daktari angeuliza njia nzima zimepitaje kwenye giza. Mstari wa tarehe 14 nimeuacha mtupu.

Si jambo kubwa. Mtu aliyezizoea anazijua. Nililala saa 5:15.

Alhamisi, 21 Machi
Mvua. Umeme umekatika saa 7:42, umerudi 8:05. Kwenye daftari la hadubini sikuandika.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua. Nimeunga njia ishirini na tatu. Safari hii sikutazama muda mrefu. Nililala saa 5:00.

Jumatano, 27 Machi
Mvua tangu usiku, njia ya kwenda kazini imegeuka mto. Umeme umekatika saa 8:35, umerudi 9:20. Dakika arobaini na tano. Sikuandika kule.

Alhamisi, 28 Machi
Nimeunga ishirini na sita. Dakika arobaini na tano ni nyingi mno. Hata ile ya pembe sikuiona safari hii. Nimechagua upande mmoja na kuzipeleka zote. Nimefunga, nimeswali adhuhuri, nimerudi nimekaa na kuendelea kuunga. Naandika haya ili nisije nikajidanganya kwamba nilisahau.

Jumatano, 3 Aprili
Asubuhi mvua, mchana manyunyu.

Matokeo ya kutulinganisha yametoka. Kati ya mia, tumekubaliana hamsini na nane. Mwaka jana tulikuwa tisini na moja. Daktari ametuita ofisini, akageuza kompyuta ili wote tuone.

"Tofauti zote ziko upande mmoja," amesema. "Biubwa ana njia nzima, Silvanus ana vipande. Silvanus, hapa picha ya sabini na moja umepoteza seli kumi na tisa kwa mpigo. Zimekwenda wapi?"

"Niliona zimeruka, Daktari. Nikakata. Si ndiyo sheria?"

"Seli hazijui kuruka."

"Mimi niliona zimeruka."

"Zote?"

"Zote, Daktari. Labda umeme ulikatika?"

Daktari amechukua daftari la hadubini, amelifungua tarehe 14, akateremsha kidole. Kisha 21. Kisha 27. Patupu. Akaniangalia, bila shaka yoyote usoni. Na hilo la kutokuwa na shaka ndilo lililonimaliza.

"Biubwa, siku hizi umeme ulikatika?"

Nilijua saa na dakika. Nikasema, "Sikumbuki, Daktari. Ungekatika ningeandika."

Silvanus amenitazama. Hakunitazama kwa kunishuku, laiti angenishuku. Amenitazama kama mtu anayemwamini mwenzake kuliko macho yake, halafu akajifikicha jicho moja kwa kiganja.

"Basi labda ni macho yangu," amesema. "Hata juzi nilishindwa kusoma kibao cha duka."

"Kibao kipi?" Daktari ameuliza.

"Cha bucha. Lakini kilikuwa kimechakaa."

Hakuna aliyecheka. Mkataba wa Silvanus unaisha tarehe 15. Daktari amesema atafikiria kama atauongeza.

Saa ya kulala siiandiki.

Ijumaa, 5 Aprili
Mvua.

Jumatatu, 8 Aprili
Mvua. Silvanus amekwenda kupimwa macho na amerudi mchana kunieleza, kana kwamba namdai maelezo. Aliyempima hakuona tatizo. "Lakini hizi mashine zao, dada, zinapima herufi kubwa. Seli ni kitu kingine." Nimemjibu kwamba ni kweli, seli ni kitu kingine.

Jumatano, 10 Aprili
Idd. Asubuhi jua, la kwanza kwa siku nyingi.

Niko Msimbu. Mama amepika pilau na kuwaita majirani. Nilipoingia, kabla sijamaliza shikamoo, alikuwa ameshaanza kunitangaza kwa Bi Naila.

"Huyu ndiye. Madaktari wote kule Kibaha, kitu wasipokiamini wanamwita huyu. Akisema ni hivi, ni hivi."

"Mama, mimi nabofya kompyuta tu."

"Msikie! Hajisifu." Bi Naila naye akanishika mkono, akasema Mungu anizidishie. Nyama nimeificha chini ya wali.

Jioni tumetembea shambani. Mahindi yamefika magotini, na katikati ya mistari kuna mengine madogo, ya urefu wa kiganja, yale aliyorudishia. Nimemwuliza kama hayatachelewa.

"Yatachelewa."

"Na watu wakipita?"

"Wataona nilirudishia. Kwani nimeiba? Kubwa ni kubwa, dogo ni dogo, kila mwenye macho anaona lipi lilipandwa lini." Akanitazama. "Wewe mbona umekonda? Ndiyo Ramadhani hiyo?"

Nimesema ndiyo. Mama hajawahi kulipaka hindi dogo rangi lionekane kubwa. Miaka yote nimembebea kibuyu, nikajifunza kuchukia pengo tu, hili jingine halikuniingia.

Jumatatu, 15 Aprili
Mvua kubwa.

Silvanus ameondoka. Daktari amempa barua na kumshukuru, ameongea naye vizuri. Silvanus amepangusa meza yake mwenyewe, kikombe amekitia kwenye mfuko wa plastiki. Mkewe Stellamaris ana mimba ya miezi saba. Kabla ya kutoka amesimama mlangoni mwa chumba cha kuchorea.

"Dada Biubwa, usinichoke. Siku ukipata nafasi nifundishe unavyozishika zisipotee. Nikipata kazi kama hii mahali pengine nisiaibike tena."

Nimesema, "Sawa, Silvanus."

Hilo ndilo nililosema. Sawa, Silvanus.

Lile daftari lake lililokunjamana amelisahau kwenye droo.

Alhamisi, 18 Aprili
Mvua.

Ijumaa, 19 Aprili
Mvua. Nachora peke yangu sasa. Nakata kila ninapotakiwa kukata. Umeme nauandika kwenye daftari la hadubini, dakika kwa dakika. Hakuna anayejua kuwa hili ni jambo jipya.

Jumatano, 24 Aprili
Asubuhi ukungu, mchana mvua.

Daktari ametoka ofisini anakaribia kukimbia. Sijawahi kumwona hivyo. Amenivuta mkono, akanionyesha mchoro: mstari umelala chini, chini, halafu kilele kirefu, halafu chini tena.

"Tazama! Muda mwingi kila seli iko kivyake, sawasawa na jozi za kubuni. Halafu ghafla zinageuka pamoja, upande mmoja, kama zimeitana. Nimebuni jozi mara elfu moja, Biubwa, haikutokea hata mara moja kupata kitu cha namna hii. Katika video tatu! Zinaitana. Na hivi vilele tumevipata kwa sababu ya njia zako. Kwenye za Silvanus vimekatwa, havionekani kabisa."

Tarehe 17 Mei wageni wa mradi wanakuja kutoka Dar, atawaonyesha. Amesema jina langu litakuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti atakayowapa.

Chini ya kila kilele kulikuwa na namba ya picha. Video ya 14 Machi, picha ya 71. Ya 21 Machi, picha ya 43. Ya 27 Machi, picha ya 96.

Nimerudi nyumbani Mkuza, nimefungua daftari hili hili, na penseli. Picha ya kwanza ni saa saba kamili. Picha ya 71 ni dakika sabini baadaye: saa 8:10. Ya 43 ni saa 7:42. Ya 96 ni saa 8:35. Zote nimeziandika hapa kwa mkono wangu, pembeni mwa neno mvua.

Seli hazikuitana. Ni mimi niliyezipeleka. Nilipoziunga nilidhani naficha uvivu wa siku moja. Baadaye nikadhani nimemwonea mtu mmoja. Sasa kitu ambacho hakipo kinakwenda kuitwa ukweli, na kina jina langu juu yake.

Jumamosi, 27 Aprili
Mvua tangu alfajiri.

Nimekwenda Visiga kumpelekea Silvanus daftari lake. Niliondoka nyumbani nikiwa nimejiandaa kumwambia. Maneno nilikuwa nimeyapanga yote.

Nimemkuta barazani. Anafyatua tofali siku hizi, lakini kwa mvua hii hazikauki. Zilizofyatuliwa wiki iliyopita zimerudi kuwa udongo, zimelala uani kama maandazi yaliyoloa. Na amevaa miwani. Miwani mizito ya plastiki, ya machinga.

"Karibu dada! Umeniona nilivyo profesa?"

"Aliyekupima si alisema macho mazima?"

"Alisema," Stellamaris amejibu kutoka ndani, "lakini huyu hasikii. Anasema macho ndiyo yaliyomfukuzisha kazi. Akivaa hiyo anajikwaa kwenye kizingiti."

"Nitaizoea," Silvanus amesema.

Stellamaris ametoka na sahani ya muhogo wa nazi, tumbo limetangulia, akanitengea kigoda na kuniambia nisiwe na haya. Nimekula. Silvanus alinifungulia daftari lake anionyeshe mambo ya mama mkwe: tarehe, namba ya video, namba za seli mbili, zimegusana picha ya ngapi, kila moja imegeuka upande gani. Kurasa kumi na moja. Mistari imenyooka kuliko yangu. Mimi nilikuwa namwita asiye na mpangilio.

Maneno niliyopanga nilirudi nayo nyumbani. Muhogo wao nimeula wote.

Alhamisi, 2 Mei
Mvua.

Jumatatu, 6 Mei
Mvua na upepo.

Alhamisi, 9 Mei
Mvua imepungua. Daktari amenipa nisome ukurasa wa kwanza. Jina limeandikwa sawasawa.

Jumamosi, 11 Mei
Mawingu. Mama amepiga simu kuniuliza hiyo siku ya wageni avae nini, kana kwamba amealikwa. Nimemwambia hakualikwa. Akasema, "Najua. Nataka tu siku hiyo niwe nimevaa vizuri."

Jumatatu, 13 Mei
Asubuhi nyeupe, hakuna mvua wala jua.

Nilifika kazini saa moja na nusu nikakaa kwenye ngazi. Daktari alipofika nilimwomba dakika tano. Sikuyaamini maneno yangu, kwa hiyo nilimpa daftari hili. Nilikuwa nimeweka vipande vya karatasi kwenye kurasa.

"Nini hiki?"

"Shajara yangu, Daktari. Soma palipo na karatasi."

Amesoma amesimama, kisha amekaa. Hakuishia kwenye vipande vya karatasi. Alisoma nilivyosema kuhusu Silvanus na tope lake, alisoma kuhusu nyama ya Idd, alisoma kuhusu uso wake mwenyewe usio na shaka. Nilikuwa natazama maji ya perege yakipumua kwenye tangi. Katika maisha yangu sijawahi kusimama uchi mbele ya mtu asiyekuwa mama yangu, lakini nadhani ndivyo ilivyo.

Alipomaliza amechukua daftari la hadubini, amechukua kalamu, na kwenye ile mistari mitatu mitupu amenakili saa zangu. 8:10 hadi 8:34. 7:42 hadi 8:05. 8:35 hadi 9:20. Pembeni ya kila moja ameandika: *imeandikwa 13 Mei*.

"Nilikuuliza," amesema.

"Ndiyo, Daktari."

"Yeye akiwa amesimama hapo."

"Ndiyo."

"Njia ngapi?"

"Kumi na tisa, ishirini na tatu na ishirini na sita. Sitini na nane."

"Kumbe unajua na jumla." Hakupandisha sauti. "Ungekuwa huna akili ningekusamehe hapa hapa. Kaa. Zikate."

Nimekaa nikazikata zote sitini na nane, yeye amesimama nyuma yangu. Imechukua asubuhi nzima. Saa nane kasoro amerudia hesabu yake, jozi za kweli na jozi elfu moja za kubuni. Vilele vimeondoka. Jozi za kweli zimekaa katikati ya zile za kubuni, hakuna awezaye kuzitenga. Seli za perege hazifuatani.

Ameutazama mchoro mpaka kompyuta ikazima skrini yenyewe. Kisha, bila kugeuka: "Huyu mama mkwe uliyemwandika hapa ni nini?"

Nimemweleza. Nimemwambia na kurasa kumi na moja.

Jumanne, 14 Mei
Jua. Daktari amemtuma dereva Visiga kuazima daftari la Silvanus, bila maelezo. Amechukua seli zile tu zilizogusana, akapima kila moja imegeuka upande gani baada ya kugusana. Kisha akabuni mara elfu. Jozi za kubuni zimezifikia za kweli mara nne tu katika elfu. Zikigusana zinaachana, kila moja na njia yake, na ndivyo zinavyoenea mpaka kidonda kizibe. Silvanus aliliona tangu Machi, nikamwambia asinihadithie.

Ijumaa, 17 Mei
Jua kali.

Wageni wamekuja na wameondoka. Daktari amewaambia kila kitu, pamoja na umeme na njia zilizoungwa. Hakunitaja jina, amesema "mchoraji wetu mmoja", lakini katika chumba kile mchoraji nilikuwa mimi tu. Mgeni mmoja amegeuza kichwa kunitazama, halafu kwa heshima akatazama dirishani. Ukurasa wa kwanza sasa una jina la Silvanus.

Sitachora tena. Nitabadilisha maji ya perege na kuandika joto na umeme. "Hilo la umeme nadhani sasa unaliweza," Daktari ameniambia, na sijui kama ulikuwa utani.

Mama amepiga simu saa kumi. Amevaa gauni la Idd, ameuliza imekuwaje. Nilianza kusema imekuwa vizuri. Kisha nikamwambia yote. Nilisikia akiwafukuza kuku mlangoni. Halafu: "Basi kwa Bi Naila nitakwenda mwenyewe. Nilimwambia mimi, nitamwambia mimi." Akakata.

Jumamosi, 18 Mei
Asubuhi jua, umande mwingi, anga safi upande wa Kisarawe wote.

Nimemwomba Daktari anipe mimi barua ya Silvanus ya kurudi kazini. Alisita, akanipa.

Nimemkuta uani anapanga tofali mpya. Zimekauka, safu nne. Sikukaa wala sikumpa barua kwanza. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa mpango ule ule wa tarehe: 14, 21, 27, kisha tarehe 3 Aprili ofisini. Stellamaris ametoka ndani akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Silvanus amevua miwani. Ameishika mbele yake, akanitazama kwa juu yake, kisha kwa ndani yake, kisha kwa juu tena.

"Kwa hiyo macho yangu mazima."

"Mazima."

"Tangu siku ile."

"Tangu siku zote, Silvanus."

Amecheka kidogo, kama anayeanza utani wake wa watu wa Mlandizi, lakini kicheko hakikufika mwisho. "Nimejikwaa kizingiti hiki wiki tano," amesema.

"Ulikuja hapa," Stellamaris amesema. Sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Ukakaa kwenye kigoda changu. Ukala muhogo wangu, na yeye miwani usoni."

"Ndiyo."

"Ukasema mtamu."

"Ndiyo, mama."

Nimempa Silvanus barua, ameisoma mara mbili, bila miwani. Amesema ataanza Jumatatu, kwa sababu mtoto anakuja na tofali si kazi ya kutegemea mbingu. Nimemwuliza kama kuna chochote anataka kuniambia.

"Sasa hivi hakuna. Kikija nitakuambia." Amekunja barua. "Nenda salama, Bi Biubwa."

Miaka miwili ameniita dada. Nimelisikia hilo neno lisilokuwepo njia nzima mpaka Mkuza.

Nimefika, nimefua, nimeswali isha. Nimelisoma daftari hili kutoka mwanzo. Tangu tarehe 3 Aprili hakuna saa ya kulala hata moja. Zile siku sizijazi. Zitabaki hivyo hivyo, patupu ni patupu.

Nililala saa 3:40.